Tundu Dogo la Kuoshea Kioo cha Motokari

Watoto wanaokaa karibu na barabara ya udongo wamekwisha kuona jambo hili mara nyingi. Ni kiangazi, mvua haijanyesha tangu wiki nyingi. Lori linapita mbio. Vumbi jekundu linainuka nyuma yake, linafunika migomba, linafunika nguo zilizoanikwa uani, linaingia hata ndani ya vyungu. Nyuma ya lori inakuja motokari ndogo. Shofere wake anaingia katika vumbi lile kama mtu anayeingia katika nyumba iliyojaa moshi. Watoto waliotoka shule wanasogea ukingoni na kuziba pua. Wao wanaisikia motokari, na punde wanaiona. Lakini je, shofere naye anawaona?

Pigeni hesabu kidogo. Motokari inayokwenda kilometa 60 kwa saa inapita kilometa 1 kwa dakika, yaani meta 1,000. Gawanyeni kwa sekunde 60: mtapata karibu meta 17 kwa sekunde moja. Ikiwa kioo cha mbele kimefunikwa ghafula, na shofere haoni kitu muda wa sekunde 3, motokari yake imekwenda meta 50 bila macho. Hiyo ni kama nusu ya kiwanja cha mpira. Katika meta 50 hizo anaweza kuwako mbuzi, au mtu anayesukuma baiskeli yenye magunia ya makaa, au mtoto.

Wakati wa mvua ni vibaya zaidi. Vumbi huja pole pole, na shofere mwenye akili hupunguza mwendo. Lakini tope huja kwa mara moja. Lori linakutana na motokari penye dimbwi, gurudumu linapiga maji, na kufumba na kufumbua kioo chote ni chekundu kama ukuta wa nyumba ya udongo. Hapo shofere anahitaji kuosha kioo chake upesi, naye ameketi, mikono yake imeshika usukani. Kitu kinachomwokoa ni kidogo sana: ni kijitundu ambacho hata punje ya mtama haiwezi kupita.

Kioo cha mbele ni kama jicho la motokari. Sasa fikirini jicho la mtu. Lina kope, tena lina machozi. Mchanga ukiingia, machozi hutoka, na kope hupangusa. Lau kope zingepangusa pasipo machozi, mchanga ungekwaruza jicho na kulijeruhi. Motokari nayo ina kope zake: ni ile mikono ya chuma yenye mipira myeusi, inayokwenda huku na huku juu ya kioo. Kwa Kifaransa huitwa essuie-glace. Watu wa Tanzania na Kenya husema waipa, na jina hilo ni fupi, litatufaa. Na machozi ya motokari ni maji yanayoruka kutoka katika vijipua viwili vidogo vilivyo mbele ya kioo. Kijipua kimoja mafundi wa Kongo hukiita jikleri, wakifuata neno la Kifaransa gicleur. Majirani wa mashariki husema nozeli.

Shofere mvivu, jikleri zake zikiziba, huwasha waipa vivyo hivyo juu ya kioo kikavu. Huko ni kuharibu kwa mikono yake mwenyewe. Mchanga una punje za jiwe liitwalo kwarzi, nalo ni gumu kuliko kioo. Vumbi jeusi la mawe ya volkano, kama lile la njia za Goma, ambako lava ya Nyiragongo ilishuka mwaka 2002 na tena mwaka 2021, nalo hukwaruza sana. Mpira wa waipa unazivuta punje hizo juu ya kioo kama mtu anayesugua sufuria kwa mchanga. Mikwaruzo haionekani mchana. Lakini jioni, jua likiwa mbele na karibu kuchwa, kila mkwaruzo unashika nuru, na kioo chote kinang'aa mbele ya macho ya shofere hata asione njia. Kioo kilichokwaruzwa hivyo hakiponi. Ni kununua kingine, na bei ya kioo si bei ya jikleri.

Motokari za kwanza hazikuwa na kope wala machozi. Mvua ikinyesha, shofere alishuka akapangusa kwa kitambaa. Mwanamke mmoja wa Marekani, Mary Anderson, mwenyeji wa Alabama, ndiye aliyepata hati ya serikali kwa ajili ya mkono wa kupangusa kioo, tarehe 10 Novemba 1903. Mkono wake haukuendeshwa na umeme. Shofere aliuvuta kwa mpini akiwa ndani. Watu wengi hawakuona faida yake wakati ule, na muda wa hati ukaisha pasipo yeye kupata fedha.

Maji yalikuja baadaye, na mafundi walijaribu njia nyingi za kuyasukuma. Moja inachekesha kidogo. Ile Volkswagen ndogo yenye mgongo wa mviringo, iliyopendwa sana katika miaka ya 1960, ilisukuma maji yake kwa hewa ya gurudumu la akiba. Tiyo moja ilitoka katika gurudumu na kuingia katika tanki la maji. Shofere akibonyeza, hewa ilisukuma maji yakaruka juu ya kioo. Je, gurudumu halikuisha hewa? Hapana, kulikuwa na kilango kidogo kilichojifunga hewa ilipopungua, ili gurudumu lisilale. Siku hizi umeme wa batri ndio unaofanya kazi hiyo.

Katika njia mbaya za Kivu, Maniema na Katanga hupita hasa motokari zinazosukumwa na magurudumu yote manne, kama Land Rover, ambayo ilionyeshwa watu mara ya kwanza mjini Amsterdam mwaka 1948, na Toyota Land Cruiser. Ile Land Cruiser ya namna ya 70, inayojulikana sana kwa wagonjwa na mizigo, ilianza kuuzwa mwaka 1984. Kapo yake, yaani kile kifuniko cha motere, ni pana, na kioo chake kimesimama wima kuliko vioo vya motokari za mjini. Kioo kilichosimama hivyo hupokea tope kifua wazi.

Fuateni sasa safari ya maji. Chini ya kapo kuna tanki dogo la plastiki jeupe, ambalo mtu anaweza kuona maji ndani yake pasipo kulifungua. Chini ya tanki hilo imechomekwa pompi, ndefu kama kidole cha mtu mzima na nene kuliko dole gumba lake. Ndani ya pompi mna motere ndogo ya umeme, na mbele yake kigurudumu chenye mabawa. Shofere akivuta kijiti kilicho karibu na usukani, umeme wa batri unafika, kigurudumu kinazunguka mbio sana, na mabawa yake yanatupa maji nje. Maji yanaingia katika tiyo ya mpira, nyembamba kuliko penseli. Tiyo inapanda kufuata ubavu wa motere, halafu inagawanyika njia mbili, moja kwenda jikleri ya kulia, nyingine kwenda jikleri ya kushoto. Mara nyingi kuna kilango kidogo njiani, kinachoruhusu maji kupanda lakini kinayazuia kurudi. Kwa hiyo tiyo inabaki imejaa, na shofere akivuta kijiti maji hutoka mara moja, wala hasubiri.

Tena maji yanafika penye jikleri. Huko mlango unakuwa mwembamba ghafula: tundu lenyewe mara nyingi halizidi milimeta 1. Kwa nini limefanywa dogo hivyo? Shikeni tiyo ya kumwagilia bustani, maji yakitoka pole pole, kisha zibeni mdomo wake nusu kwa dole gumba. Maji yale yale yanaruka mbali. Pompi haikuongezwa nguvu. Njia imebanwa tu, na maji yanayotaka kutoka katika mlango mdogo hayana budi kukimbia. Mto Lualaba unaonyesha jambo hilo kwa ukubwa. Karibu na Kongolo mto ule mpana unabanwa katikati ya mawe, mahali panapoitwa Portes d'Enfer, na maji yaliyokuwa yakienda taratibu yanapita kwa kishindo. Jikleri ni Portes d'Enfer ndogo sana.

Lakini mlango mwembamba huziba upesi. Shofere aliyechota maji ya mto pasipo kuyachuja ametia mchanga na vipande vya majani. Aliyetia sabuni ya unga ya kufulia ametia kitu kitakachoganda kama uji. Maji ya chemchemi nyingine yana chokaa, nayo hujenga ganda jeupe ndani ya tundu, kama ganda lile la ndani ya birika la zamani. Zaidi ya hayo jua la kila siku hukausha plastiki mpaka inavunjika kama ganda la yai.

Tuseme shofere mmoja wa hospitali anarudi na mgonjwa aliyelazwa nyuma. Anafika penye matope, anavuta kijiti. Upande wa kulia maji yanaruka. Upande wake mwenyewe, wa kushoto, hayaruki hata tone. Anapunguza mwendo, anasimama mahali pa wazi, anaosha kioo kwa maji ya chupa, kisha anaendelea taratibu mpaka hospitali. Mgonjwa akiisha kushushwa, yeye na kijana msaidizi wake wanafungua kapo.

“Baba, jikleri imekufa,” asema kijana. “Tutoe, tutie nyingine.”

“Ngoja kwanza, mwanangu. Upande wa kulia unarusha maji, au haurushi?”

“Unarusha, baba.”

“Basi maji yamo katika tanki?”

“Yamo.”

“Na pompi ni nzima?”

Kijana anafikiri. “Ni nzima. Kama si nzima, hata kulia kusingeruka.”

“Vema. Basi ugonjwa uko wapi?”

Kijana anafuata tiyo kwa kidole mpaka mahali inapogawanyika. “Uko baada ya hapa,” asema, “upande wa kushoto.”

Hivyo ndivyo fundi anavyofikiri. Asiyefikiri hununua pompi mpya, akakuta hali ni ile ile. Kama maji yasingetoka pande zote mbili, angeanza mahali pengine. Angetazama tanki kwanza, maana mara nyingi ni tupu tu, na hiyo ni aibu ndogo isiyohitaji fundi. Halafu angemwambia kijana avute kijiti, naye angetega sikio karibu na tanki. Pompi ikivuma na maji yasitoke, tiyo imeziba, imekunjika, imechomoka, au panya wameitafuna. Isipovuma hata kidogo, umeme haufiki, au pompi yenyewe imeungua. Hapo hutazama fizibule, kile kipande kidogo kinachokatika umeme unapozidi.

Shofere anachomoa tiyo ya kushoto chini ya jikleri, anaielekeza ndani ya kopo. Kijana anavuta kijiti. Maji yanatoka kwa nguvu na kujaza kopo nusu. Sasa hakuna shaka tena: tiyo ni nzima, na jikleri ndiyo iliyoziba. Lau maji yasingetoka, angelaumu tiyo na kuacha jikleri mahali pake.

Bado hajatupa kitu. Jikleri iliyoziba yaweza kupona. Anapitisha sindano nyembamba sana katika tundu, pole pole, pasipo kuizungusha kama mtu anayetoboa ubao, maana tundu likipanuka maji hayataruka tena, yatatiririka. Sindano peke yake haitoshi. Inasukuma uchafu ndani, na maji yanaurudisha tundu. Yafaa kuitoa jikleri, kuitia katika siki ikiwa chokaa ndiyo iliyoziba, kisha kupuliza hewa kupitia tundu la nje, ili uchafu utoke kwa njia ulioingilia. Lakini shofere huyu anapoigeuza anaona ufa unaotoka tunduni mpaka chini. Maji yalikuwa yakivuja chini ya kapo yasionekane. Ufa wa plastiki haushonwi. Sasa anahitaji jikleri mpya.

Namna ya kununua ina maana. Jikleri za motokari mbalimbali hazifanani. Nyingine ina shimo la mviringo, nyingine la mraba. Nyingine inapokea tiyo nene, nyingine nyembamba. Njia bora ni kuichukua ile ya zamani mkononi na kuilinganisha dukani, hata kama imevunjika. Tena kuna namna mbili za kurusha. Namna ya kwanza ina kijipira kidogo chenye tundu, na fundi anaweza kukigeuza ili maji yaende anapotaka. Maji yake huruka kama uzi. Namna ya pili hupanua maji kama kipepeo, na kuosha mahali pakubwa kwa maji machache. Hiyo ya pili ni nzuri, lakini katika nyingi za namna hiyo sindano haiwezi kubadili njia ya maji. Nyingine zina mdomo wa mbele na wa nyuma, na asiyetazama vizuri atairudisha kinyume, maji yaruke kwenye taa.

Kabla ya kugusa kitu shofere anazima motere na kuiacha ipoe. Anasimamisha kapo kwa fimbo yake ya chuma, tena anaitikisa kidogo aone kama imeshika kweli. Kapo ya motokari kama hii ni nzito, ikimwangukia mtu shingoni inaweza kumwua. Katika motokari nyingine jikleri hukaa juu ya kapo yenyewe, katika nyingine hukaa kwenye bati lililo chini ya kioo. Kazi ni ile ile. Anapangusa mahali pote kwa kitambaa kibichi, maana mchanga ulio kando ya jikleri ungeanguka ndani ya shimo mara inapotoka.

Tiyo haivutwi kwa nguvu. Ikiwa imekaa miaka mingi, imeshikamana na shina la jikleri kama gome na mti. Anaizungusha kwanza huku na huku kwa vidole, mpaka inalegea, ndipo anaivuta. Ikikataa, anaipakaza kitambaa kilichochovywa katika maji ya moto, na mpira unalainika. Mwenye haraka huvuta kwa pensi, na tiyo inakatika ndani kabisa, mahali pasipofikika. Kazi ya robo saa inakuwa kazi ya mchana kutwa.

Chini ya bati jikleri imeshikwa na masikio mawili ya plastiki. Shofere anayabana masikio hayo kwa pensi nyembamba, naye kijana anaivuta jikleri kutoka juu. Yanapobanwa sawasawa, inatoka yenyewe. Jikleri za motokari nyingine za zamani hazina masikio; zina nati chini, na hiyo hufunguliwa kwa ufunguo. Kijana ameambiwa aweke kitambaa chini, kwa sababu kapo ina mifuko ndani yake, na kitu kikiangukia mle kitalia kama njuga kila siku motokari ikitembea.

Shimo likibaki wazi, analitazama. Ukingo wa bati umeanza kupata kutu, kwa maji yale yaliyokuwa yakivuja. Anaukwangua, anaukausha, na kuupaka rangi kidogo kwa kijiti. Wengi huacha jambo hili, kwa kuwa jikleri mpya itafunika kutu. Kweli itaifunika, na kutu itaendelea kula gizani.

Sasa jambo moja ambalo mafundi wenye haraka husahau. Kabla ya kuunganisha jikleri mpya, anaelekeza tena tiyo ndani ya kopo, na kijana anavuta kijiti mara mbili tatu. Maji ya kwanza yanatoka na ukoko mweusi na punje za mchanga. “Tazama,” asema shofere, “hizi zingeingia katika jikleri mpya leo leo.” Maji yakitoka safi, anakata ncha ya tiyo kama sentimeta 1, kwa kuwa ncha ya zamani imepanuka na haishiki tena. Anakata hivyo tu ikiwa tiyo ina urefu wa kutosha. Tiyo iliyonyoshwa sana hukatika kapo inapofunguliwa.

Jikleri mpya ina kipete cha mpira chini ya kichwa chake, kinachozuia maji yasiingie shimoni na kulinda rangi. Anahakikisha kipo. Anaelekeza mdomo kwenye kioo, anaibonyeza kwa dole gumba mpaka inalia “tak”. Mlio huo ni masikio kufunguka chini ya bati. Hapigi kwa nyundo. Isipoingia, ama masikio hayakukaa katika nafasi yake, ama si jikleri ya motokari hiyo. Kisha anachovya ncha ya tiyo katika maji ili iteleze, anaisukuma juu ya shina mpaka mwisho, na kuilaza tiyo mbali na motere yenye moto, pasipo kuikunja.

Kazi bado haijaisha, kwa sababu maji lazima yafike mahali panapotakiwa. Kijana anaketi penye usukani. Shofere anachora duara ndogo kwa sabuni kavu juu ya kioo, mbele ya macho ya mwendeshaji, juu kidogo kuliko katikati ya mahali ambapo waipa inapita. Kwa nini juu kidogo? Kwa sababu motokari imesimama. Ikitembea, upepo utayasukuma maji chini kabla hayajafika. Aliyelenga katikati hasa akiwa amesimama, ataosha sehemu ya chini tu akiwa njiani. Aliyelenga juu mno ataosha paa, na mwenye baiskeli anayepita atashangaa mvua imetoka wapi. Shofere anatia ncha ya sindano katika tundu la kijipira, anakigeuza kidogo sana. Kijana anavuta kijiti. Maji yanapiga chini ya duara. Anageuza tena, kama upana wa unywele. Safari ya tatu maji yanapiga duara katikati, waipa inapita, na alama ya sabuni inatoweka.

Kijana amefurahi, anavuta kijiti tena na tena. “Acha, mwanangu. Sekunde chache zatosha.” Pompi ile ndogo haikufanywa kwa kazi ndefu. Hupata joto upesi, na maji yanayopita ndani yake ndiyo yanayoipoza. Mtu akivuta kijiti tanki likiwa tupu, pompi inazunguka kavu na kujila yenyewe. Ndiyo maana sauti ya pompi inayovuma kwa ukali kupita kawaida, na kioo hakipati maji, ni sababu ya kuacha mara moja.

Yabaki maji ya kujaza. Mazuri ni ya mvua yaliyokingwa katika chombo safi baada ya paa kuoshwa na mvua ya kwanza, nayo huchujwa kwa kitambaa kilichokunjwa mara mbili, kwa kuwa hayana chokaa. Ya mto huachwa usiku kucha ili tope litulie chini, ndipo huchujwa. Madukani ya mjini inauzwa dawa ya maji ya kuoshea kioo. Hiyo huyeyusha mafuta na damu ya wadudu, wala haigandi kama sabuni ya unga. Katika nchi za baridi kali hutiwa pia alkoli, maji yasiwe barafu ndani ya tiyo. Dawa hiyo si ya kuchezea. Ina sumu, na chupa yake haifai kuachwa mahali watoto wanapoweza kudhani ni kinywaji.

Dawa ina faida nyingine isiyojulikana na wengi. Maji matupu yakilala muda mrefu katika tanki lenye joto, vijidudu vinaweza kuzaliana humo. Mwaka 2010 watafiti wa afya wa Uingereza walieleza kwamba mashofere waliotumia maji pasipo dawa walikuwa katika hatari zaidi ya kupata ugonjwa wa mapafu unaoletwa na kijidudu kiitwacho Legionella, kwa kuwa maji yanayoruka huwa kama ukungu, na ukungu huvutwa puani. Basi maji yaliyonuka au kuwa ya kijani hayaongezewi mengine juu. Humwagwa yote, tanki likasuuzwa, ndipo likajazwa upya.

Shofere anajaza tanki mpaka shingoni na kutafuta mfuniko wake. Mfuniko una alama ya kioo na maji yanayoruka, ili mtu asije akakosea na kutia maji haya katika chombo cha maji ya kupoza motere, kilicho karibu na kinachofanana nacho. Wa motokari hii umepotea siku nyingi, na huko ndiko mchanga ulikoingilia. Anakata kipande cha plastiki nene, anakifunga shingoni mwa tanki kwa uzi wa mpira wa baiskeli, na kumtuma kijana aandike katika daftari ya motokari: mfuniko mmoja wa tanki la kioo, ununuliwe safari ya kwenda mjini.